Skwota na bwanyenye: Majina yanayogombanisha majirani Pwani

Juzi nilikuwa Malindi, kwenye kibaraza cha kinyozi mmoja ambapo nakala moja ya gazeti husomwa na watu kumi. Mzee mmoja wa Kigiriama alikuwa akisomewa habari ya mzozo wa ardhi. Aliposikia neno "maskwota" akamkatiza msomaji: "Hebu ngoja, mwanangu. Kaburi la babu yangu liko pale, mimi niwe skwota?" Aya iliyofuata ikawataja "mabwanyenye". Jirani yake Mswahili, ambaye ukoo wake una hati ya shamba, akadakia: "Bwanyenye gani huyo anayeshona nyavu?"

Watu walicheka, lakini wazee wale walikuwa wametoa uhakiki ambao sisi tunaoandika magazetini hatuna budi kuuzingatia.

Tuanze na skwota. Neno hili tulilikopa kutoka Kiingereza, likaja na historia yake. Katika mashamba ya walowezi huko bara, skwota alikuwa Mwafrika aliyeruhusiwa kukaa na kulima kipande cha shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi. Sheria ya 1918 ilikaza masharti hayo. Pwani mambo yalikuwa mengine. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mdai ajitokeze athibitishe umiliki wake. Baadhi ya koo za Waarabu na Waswahili zilipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi yao aghalabu ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu binafsi, wengi wao waliambulia patupu. Ardhi ambayo haikuthibitishwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo, kumwita mjukuu wa watu hao skwota ni kutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa.

Bwanyenye nalo lina kasoro yake. Ni jina la tajiri anayebezwa. Gazeti likimwita hivyo kila mwenye hati, linatia kapu moja kampuni kubwa, mwanasiasa na mjane wa Takaungu mwenye fungu dogo la urithi.

Kwani neno moja lina madhara gani? Tazama Wabulgaria na Wagiriki, majirani waliosali katika kanisa moja kwa karne nyingi. Jarida la kwanza la Kibulgaria, Lyuboslovie, lilitolewa Smyrna mwaka wa 1844 na Konstantin Fotinov, mwalimu aliyepata elimu yake kwa Kigiriki. Baadaye ugomvi wa kanisa ukapamba moto, na magazeti yakawa uwanja wake. Kufikia 1872 kanisa lenyewe lilikuwa limepasuka. Sisemi magazeti ndiyo yaliyolipasua. Nasema kwamba msomaji anayemwona jirani yake kila juma chini ya jina la kubeza humzoea kwa jina hilo.

Sisi tunao mfano mwema. Mwaka wa 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa, kwa Kiarabu na Kiswahili. Kalamu yake ilikuwa kali, lakini aliielekeza kwanza kwa watu wake mwenyewe, akiwakemea kwa kupuuza elimu. Hata hivyo, majirani wa nyuma ya mji hawakuwa na gazeti kama hilo la kujisemea. Maandishi ya enzi hizo yaliwaita "Wanyika", jina walilopachikwa na wengine. Katika miaka ya 1940 jina Mijikenda likashika kasi, na leo hakuna mhariri anayethubutu kuandika Wanyika. Ithibati hiyo kwamba majina ya magazetini hubadilika.

Najua wahariri watasema skwota ni neno fupi, linatosha kwenye kichwa cha habari. Ni kweli. Tena maafisa wa serikali hulitumia. Basi afisa akilisema, anukuliwe, lakini mwandishi asilifanye lake. Aandike "wakazi wasio na hati", na upande wa pili "wenye hati". Kama ni kampuni, aseme kampuni. Kama ni mjane, aseme mjane.

Kesi za ardhi zitaamuliwa mahakamani. Lakini kabla ya hapo, wazee wale wawili watakutana tena kwa kinyozi, na gazeti litakuwa katikati yao.