Kusitiri Aibu na Kuficha Hesabu

 

Msimu mmoja hapa Lusewa mkulima alisimama katika mkutano wa chama chake cha msingi, akauliza makato ya kila kilo yamekwenda wapi. Hakumtukana mtu. Akajibiwa kwamba hizo ni siri za ofisi. Ijumaa iliyofuata ikatolewa khutba juu ya kusitiri aibu za ndugu, na kila aliyekuwamo msikitini alimjua anayekusudiwa. Nami nilikuwa safu ya mbele, nikanyamaza. Haya ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Khatibu alileta dalili mbili: Hadithi ya fadhila za kumsitiri Muislamu, aliyoipokea Imam Muslim, na katazo la kupelelezana katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Dalili zote mbili ni sahihi. Kosa ni mahali alipoziteremsha. Wanausuli huiita qiyas maal fariq, yaani kulinganisha vitu viwili ambavyo baina yake ipo tofauti inayozuia hukumu moja. Aliyeteleza nyumbani kwake, dhambi yake ni baina yake na Mola wake. Lakini daftari la makato ni la wakulima wote, na anayelishika amewekewa amana tu.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ambaye Riyadhus Salihin yake imo karibu katika kila msikiti wetu, amelimaliza jambo hili. Anapoisherehesha Hadithi ya sitara katika Sharhu ya Sahih Muslim, anawatoa wapokezi wa Hadithi, mashahidi, na walioaminiwa sadaka, waqfu na mali za mayatima. Akionekana mmoja wao na jambo linaloharibu uaminifu wake, ni wajibu kulitaja panapohitajika, wala si halali kumsitiri. Khatibu wetu aliisoma Hadithi, akaiacha sharhu.

Tena iko Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Saidi. Alitumwa kukusanya zaka za Bani Sulaym; aliporejea akasema hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alimhesabia, kisha akapanda mimbari akalikemea tendo hilo mbele ya watu, akisema juu ya mtumishi tunayemtuma, bila kumtaja jina. Wanafunzi walizingatie hili: jina lilisitiriwa, hesabu ikawekwa hadharani.

Sasa tuitazame sheria ya nchi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Raia huomba kwa maandishi, na ofisi hupewa siku 30 za kujibu. Hilo ni jema. Ila sheria hiyo hiyo iliweka kifungo kisichopungua miaka 3, kisichozidi 5, kwa anayetoa taarifa zilizozuiliwa. Mtumishi mwoga, akisoma kifungu hicho, atachagua nini? Atanyamaza, na mtu wa kijijini atarudi mikono mitupu. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa katika Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, ambao iliingia mwaka 2011.

Sisi wa Namtumbo jambo hili linatugusa. Urani ya Mto Mkuju imo wilayani mwetu, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous katika Urithi wa Dunia ulibadilishwa kwa ajili yake. Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi ya mwaka 2015 inataka mikataba itangazwe. Ni wangapi kati yetu maimamu tumewahi kuuliza?

Sikatai kwamba dola ina siri zake. Hatib bin Abi Baltaa alipowaandikia Makureshi habari za safari ya Makka, barua yake ilizuiwa njiani. Siri ile ilikuwa ya vita. Bei ya mbolea na fedha za zahanati si vita. Naye anayeuliza ana adabu yake: asibebe uvumi kabla ya kuhakikisha, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 6 ya Sura hiyo hiyo ya Hujurat.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Tunamlaumu mtendaji asipousoma. Lakini kamati ngapi za misikiti husoma yao? Sisi tumeanza kusoma hesabu za sanduku kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Siku ya kwanza lilionekana pengo la shilingi 18,000. Mweka hazina akasimama, akaeleza kuwa ni mafuta ya jenereta ya Ramadhani, akaonesha risiti. Aliyeomba kuiona risiti ile ni mkulima yule yule.