Tarehe ya Kujifungua: Rula ya Mapema

Mjamzito anayeanza kliniki Brussels huulizwa kwanza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Tuseme ni Machi 10. Kanuni ya Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg katika karne ya 19, huongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3: Desemba 17. Lakini ukihesabu siku 280 moja moja, utafika Desemba 15, kwa kuwa miezi haina urefu mmoja. Nenda Lille, ng'ambo ya mpaka, utaambiwa Desemba 22. Ufaransa hukadiria kwa wiki 41, Ubelgiji 40. Mtoto ni yuleyule.

Kanuni hiyo pia hudhani kila mzunguko ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hupevuka yapata wiki moja baadaye, na tarehe husogea nalo.

Ndiyo maana ultrasaundi ya wiki ya 11 hadi 14 ina uzito. Kijusi hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, njia iliyowekewa msingi Glasgow na Robinson na Fleming mwaka 1975. Milimita 60 ni takriban wiki 12 na nusu. Utafiti wa INTERGROWTH-21st, uliofuatilia wajawazito katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwamo, uliongeza majedwali mapya. Katika umri huo vijusi hukua karibu sawa, hivyo kosa halizidi sana siku chache.

Tarehe hiyo ikishapatikana, isiguswe tena. Kichwa kidogo wiki ya 32 huenda ni cha mtoto asiyekua vizuri. Anayesogeza tarehe mbele anaficha tatizo. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Aliyefika Ubelgiji kutoka Bukavu na mimba ya miezi 7 bila kipimo cha mapema ana hesabu ngumu zaidi: makadirio yanaweza kupotoka hata wiki tatu, na itabidi apimwe tena baada ya wiki mbili au tatu ili kasi ya ukuaji ionekane. Kama alipimwa huko mapema, picha ya karatasi ya kipimo hicho kwenye simu yake inashinda mashine mpya.

Kwa mwajiriwa wa Ubelgiji, likizo ya uzazi ya wiki 15 hupangwa kwa tarehe hii. Hadi wiki 6 zaweza kuchukuliwa kabla, na ya mwisho kati yake ni ya lazima. Mtoto akichelewa, likizo ya kabla hurefushwa hadi azaliwe. Akiwahi, siku ambazo mama alifanya kazi ndani ya zile 7 za mwisho kabla ya kujifungua hupotea.