Hati Punguzo: Chandarua Kilipotelea Wapi?

Oktoba 2004 Tanzania Bara ilianza kugawa Hati Punguzo, za kununulia chandarua cha mbu kwa bei nafuu, katika kliniki za wajawazito. Mama akihudhuria kliniki alikabidhiwa hati, nesi akabaki na kishina. Hati ilipelekwa dukani, mama akaongeza fedha kidogo na kuondoka na chandarua. Mwenye duka naye aliipeleka kwa muuzaji wa jumla, akafidiwa. Kwa hiyo chandarua kilifika kijijini kwa njia ileile ya sabuni na chumvi, huku Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ukilipia punguzo.

Wazo lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Huko, miaka ya mwisho ya 1990, mradi wa KINET uliuza vyandarua vya chapa ya Zuia Mbu na kutoa hati kwa wajawazito na wenye watoto wadogo. Utafiti uliochapishwa 2001 ulihusisha vyandarua vile vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Mpango wa taifa unastahili kusomwa hasa kwa jinsi ulivyopimwa. Kuhesabu hati zilizotolewa kungetosha kujaza ripoti nzuri. Watafiti wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao wa London walikataa kuishia hapo. Walichagua wilaya 21 wakaifuata hati hatua kwa hatua: je, kliniki ilikuwa nazo? Duka lilikuwa na bidhaa? Nyumbani, nani alilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia siku ya mahojiano? Kaya zilitembelewa kila mwaka, kuanzia 2005 hadi 2007. Kwa kuwa mpango ulikuwa wa nchi nzima, hapakuwa na wilaya za kulinganishia, nao hawakudai zaidi ya kile ambacho takwimu za miaka mitatu zingeweza kubeba.

Kaya zenye walau chandarua kimoja zilipanda kutoka asilimia 44 hadi 65. Lakini zenye chandarua kilichotiwa dawa zilikuwa asilimia 36 tu. Pengo hilo ndilo lililokuwa na maelezo mengi kuliko takwimu nyingine yoyote. Vyandarua vya wakati ule viliuzwa pamoja na pakiti ya dawa, mwenyewe akavichovye nyumbani, na avichovye tena baada ya kufuliwa mara kadhaa. Wengi hawakurudia. Watoto wa chini ya miaka mitano waliolala ndani ya chandarua chenye dawa waliongezeka kutoka asilimia 12 hadi 26: zaidi ya maradufu, na bado watoto watatu kati ya wanne walikuwa nje ya kinga hiyo.

Kliniki haikuwa kikwazo kikubwa, maana karibu wajawazito wote nchini huhudhuria angalau mara moja. Tatizo lilikuwa kaunta ya duka. Fedha ya kuongezea ilitegemea bei ya duka na ukubwa wa chandarua, na mwanamke wa kaya maskini alishindwa hapo hapo, hati ikiwa mkononi.

Marekebisho yakagusa palepale. Kwanza watoto wachanga walipata hati yao. Mwaka 2009 mchango wa mama ukawekwa kuwa shilingi 500 popote nchini, na chandarua kikawa lazima kiwe cha dawa ya kudumu, kisichohitaji kuchovywa. Zikaja pia kampeni za kugawa bure, za watoto wadogo na baadaye za kila sehemu ya kulala. Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa wenye maduka walipoteza wateja na soko lililojengwa kwa miaka likadhoofika. Hati zilikoma 2014. Kwa vile chandarua huchakaa, mwaka 2013 ugawaji kupitia wanafunzi ulikuwa umeanza Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Swali ambalo halikuwa na uzito 2005 limekuja baadaye: mbu bado anakufa akigusa dawa ya chandarua? Jaribio la Misungwi, Mwanza, lililochapishwa 2022, lilionesha kuwa kwa miaka miwili watoto waliopewa vyandarua vyenye dawa ya klofenapiri pamoja na dawa ya kawaida waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa vyenye dawa ya kawaida peke yake. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua hivyo vitumike pale mbu walipojenga usugu dhidi ya dawa ya kawaida.