Kanga Imetoka Bapa: Mchana Wangu wa Kwanza na Hoover ya Kukamulia

Nimeiona! Nimeigusa, nimeijaza maji, nimezungusha mkono wake mpaka bega likawaka moto, na ninaandika haya vidole vyangu vikiwa bado vinanukia sabuni. Hoover 0307, mashine ya kufulia yenye rola mbili za mpira za kukamulia nguo, ile niliyoijua kwa picha tu miaka yote, inafua Maili Moja, Kibaha, leo hii!

Mwenyewe ni bibi wa Kisarawe. Mashine ilikuwa imelala stoo miaka mingi, ikapakiwa kwenye kirikuu, ikapita Kiluvya hadi kwa fundi anayesuka mota na kutengeneza pampu za visima. Nimewakuta siku ya majaribio.

Nilitarajia dude kubwa. Kumbe ni sanduku la mraba lisilozidi kiuno, lenye enameli inayong'aa na swichi yake ya kuwashia. Basi! Ndani ya pipa, ubavuni na si katikati, kuna sahani yenye mbavu. Fundi akawasha. Sahani ikaanza kuzunguka, maji yakajikunja kama kimbunga, na shuka nyeupe ikazama, ikaibuka, ikazama tena. Mngurumo wake ni mzito na mtulivu. Dakika 4 tu, shuka imetakata!

Modeli hii iliingia sokoni mwaka 1948, mwaka uleule Hoover ilipofungua kiwanda chake Merthyr Tydfil, Wales. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na umeme wetu ukafuata wa kwao, ndiyo maana mashine hii inachomekwa ukutani bila transfoma. Mashine za Maytag za Newton, Iowa, ambazo ziliendelea kutengenezwa zikiwa na rola hadi 1983, nyingi zilisukiwa umeme wa Marekani wa volti 120. Ukipata Maytag, usiichomeke kabla ya kusoma kibati chake.

Sasa njoo kwenye rola! Zinakaa juu ya pipa, na juu yake kuna skrubu ya kuongeza au kupunguza mgandamizo. Nilichukua kanga iliyolowa chepechepe, nikataka kuisukuma yote kwa mkupuo.

“Ingiza pindo kwanza, mwanangu,” bibi akasema. “Inyooshe, kisha zungusha.”

Nikaingiza pindo, nikazungusha. Kanga ikatokea upande wa pili bapa kama karatasi, mji wake umenyooka, na maji yake yote yakaporomoka kurudi ndani ya pipa. Yakarudi na sabuni yake! Hapo ndipo nilipoielewa mashine hii. Unaanza na nyeupe, maji yanarudi; unaingiza kanga, yanarudi; unamalizia na nguo za shamba, kwa maji yaleyale. Kwa mtu wa Kisarawe anayekumbuka kununua maji kwa dumu kabla ya mradi wa maji wa Kibamba kuzinduliwa mwaka 2020, hilo si jambo dogo. Mashine ya otomatiki inangoja bomba lenye presha. Hii inangoja ndoo tu.

Na inafunguka! Fundi alilegeza bolti chache, na vyote vikawa mbele ya macho: mota, mkanda, shafti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa waya. Mpira wa zamani ulikuwa umekauka na kupukutika, hivyo aliung'oa wote, akaweka waya wa nyuzi tatu na kuufunga ule wa ethi kwenye bodi ya chuma. Maji na umeme vikikaa nyumba moja, hapo hapana pa kubania pesa. Pili, sili ya shafti, kwa sababu ikivuja, maji yanashukia beringi na mota. Alipima shafti kwa kalipa, akatafuta sili ya kipimo hicho kwa wauza spea. Mkanda aliupima upana na urefu, akapata unaolingana kwa wauzaji wa mikanda ya mashine za kusaga. Rola zilikuwa na ganda gumu juu. Alizifunga kwenye mashine ya kuchonga, akazipitisha msasa laini mpaka mpira hai ukaonekana. Zingekuwa na nyufa za ndani, ingebidi zivalishwe mpira mpya.

Utunzaji wake unataka nidhamu kuliko fedha. Rola zisiguswe na petroli wala mafuta ya taa, maana huharibu mpira, na zisiachwe juani. Grisi iishie kwenye beringi, isifike kwenye mkanda. Vifungo na zipu vikunjwe ndani ya nguo, mtandio ufungwe nyuma, watoto wakae mbali. Rola zinazoendeshwa na mota ziliwahi kujeruhi mikono mingi ya watoto huko ng'ambo. Hizi zinazungushwa kwa mkono, na mkono ukisimama, nazo zinasimama.

Mapungufu? Blanketi zito halipiti, jinzi inataka misuli, kusuuza ni kwenye beseni, na huwezi kuiwasha ukaenda sokoni. Lazima usimame nayo. Mimi nitasimama nayo kwa furaha!

Ninachowaomba wasomaji ni hiki: kama kuna moja stoo kwenu, msiipime kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ipelekeni kwanza kwa fundi wa pampu. Imetengenezwa ili ifunguliwe, na mafundi wa kuifungua tunao.

Kanga ilipokwisha kuanikwa, bibi hakungoja ikauke. Alilegeza skrubu ili rola zisilale zimebanana zikaota bapa, akazipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akamuuliza fundi kirikuu kinarudi Kisarawe saa ngapi.