Kifungu Kilichowafungia Nje Wakaguzi

Mkataba wa Whitefish haukustahili kutiwa saini, na ubovu wake haukuanzia kwenye bei. Yaliyotangulia tunayajua sote: Kimbunga Maria kiliingia Puerto Rico kupitia Yabucoa asubuhi ya Septemba 20, 2017, kikiwa cha daraja la 4, kikalaza nguzo na nyaya kisiwa kizima na kuwaacha wateja wapatao milioni moja na nusu gizani. Shirika la umeme la umma, PREPA, lilikuwa limeomba kinga ya mufilisi tangu Julai. Mkurugenzi wake, Ricardo Ramos, alikuwa na njia iliyokwisha kuchongwa: mashirika ya umeme ya umma ya Marekani yana utaratibu wa kusaidiana, ambapo aliyepatwa na janga anaomba, wenzake wanatuma mafundi wa laini pamoja na magari yao, na gharama zinarudishwa kwa viwango vinavyojulikana. Kwa kusaidiana huko maelfu ya mafundi walifika New York na New Jersey baada ya Kimbunga Sandy mwaka 2012. Ramos hakuomba. Alikwenda kwa Whitefish, kampuni ya Montana iliyokuwa na waajiriwa wawili wa kudumu kimbunga kilipopiga, akaipa kazi bila zabuni ya ushindani, kwa mkataba uliofikia dola milioni 300.

Wengi waliishia kwenye dola 319, kiwango kilichotozwa kwa saa moja ya fundi wa laini. Namba hiyo ilistahili kelele zilizopigwa, lakini macho yalipaswa kutua kwenye kifungu kilichosema kwamba kwa hali yoyote ile PREPA, serikali ya kisiwa, FEMA (shirika la serikali kuu la kushughulikia majanga) na Mkaguzi Mkuu wa Marekani hawatakuwa na haki ya kukagua gharama na faida zilizomo ndani ya viwango vya malipo ya kazi. Kisome polepole. Anayelipa haruhusiwi kuuliza. Anayetarajiwa kumrudishia fedha zake haruhusiwi kuuliza. Hata yule aliyewekwa kisheria kulinda fedha za mlipakodi naye haruhusiwi. Bei kubwa inaweza kutetewa: ni kisiwa, vifaa vinavuka bahari, barabara za milimani zimekatika, kazi ni ya hatari. Kifungu hiki hakina pa kujishikiza, kwa sababu hakisimamishi nguzo hata moja mapema zaidi, hakileti transfoma wala fundi. Kazi yake ni kumziba macho mwenye mali, na aliyekiridhia alikuwa mtumishi wa huyo huyo mwenye mali.

Kilichofichwa nyuma ya kifungu hicho kikaja kuonekana kwa njia nyingine. Novemba 2017 gazeti la New York Times lilifuatilia mafundi waliokuwa wakipanda nguzo kwa jina la Whitefish, likakuta wengine ni waajiriwa wa mashirika ya umeme ya umma ya Florida, kutoka Kissimmee, Lakeland na Jacksonville. Ni watu wa aina ile ile ambayo utaratibu wa kusaidiana ungewaleta. Walikuwa wakilipwa kati ya dola 42 na 100 kwa saa. Tena malazi na chakula vilitozwa kando, dola 332 na dola 79 na ushei kwa mtu kwa siku, kwa hiyo pengo hadi 319 haliwezi kuelezwa kwa hoteli na sahani ya wali. Huenda sehemu yake ilikuwa ya halali kabisa. Ni ngapi? Hilo ndilo swali lililopigwa marufuku. Sidai kwamba mtu aliiba, na hoja yangu haihitaji mwizi: njia ya msaada inapoteza uaminifu siku inapoweka haki ya kukagua nje ya mlango, hata kama kila aliye ndani ni mtu safi.

Watetezi wa uamuzi ule wana hoja mbili, na zote mbili zina uzito. Ya kwanza ni kwamba PREPA haikuwa na fedha, na Whitefish haikudai kitita kikubwa cha dhamana kabla ya kuanza. Ni kweli hazina ilikuwa tupu, lakini Oktoba 29, gavana Ricardo Rosselló alipotaka mkataba uvunjwe, papo hapo akageukia Florida na New York kuomba mafundi. Hazina ilikuwa tupu vile vile siku hiyo, na mlango ulikuwepo. Ya pili ni haraka. Whitefish ilileta watu mapema na kazi ilifanyika, hilo nalikubali. Lakini Novemba 9 laini kubwa ambayo kampuni hiyo ilikuwa imeitengeneza iliharibika na San Juan ikarudi gizani, na kisiwa kiliendelea kurudishiwa umeme kwa vipande hadi Agosti 2018. Haraka iliyonunuliwa kwa bei ya kutoulizwa haikuonekana kwenye swichi za watu.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sijasahau Haiti. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lilikusanya karibu nusu bilioni ya dola baada ya tetemeko la 2010, na mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR walipohesabu nyumba za kudumu lilizojenga wakapata sita. Shirika lilijibu kwamba fedha zilikwenda kwenye mengi mengine, lakini waandishi walipoomba mchanganuo wake hawakuupata wa kutosheleza. Ugonjwa ni ule ule. Na pale pale Puerto Rico, FEMA iliagiza milo milioni 30 kwa dola milioni 156 kutoka kwa kampuni ya mtu mmoja ya Atlanta. Siku ambayo milo milioni 18.5 ilipaswa kuwa imefika, ilikuwa imefikishwa 50,000. Wakati huo huo World Central Kitchen ya mpishi José Andrés ilipika zaidi ya milo milioni tatu kisiwani humo humo.

Kisiwa hiki kiliwahi kuwa na Antonio Lucchetti, mhandisi aliyeongoza mamlaka ya umma iliyoundwa mwaka 1941 na kuyageuza maji ya milimani kuwa umeme wa wananchi. Ukimweka Lucchetti mezani na kifungu kile, ni vigumu kuiona kalamu yake ikisogea. Wa leo anayekaribia kiwango hicho ni Casa Pueblo, kikundi cha mji wa Adjuntas kilichoanza mwaka 1980 kwa kupinga machimbo ya shaba na kinachotumia umeme wa jua tangu 1999. Baada ya Maria taa zake ziliwaka, na wagonjwa wakaja kuchomeka mashine za kupumulia. Utasema kikundi cha mji mmoja hakiwezi kusimamisha minara ya msongo mkubwa. Hakiwezi, na anayechangia asikidai hilo. Aweze kukiuliza tu, awe mtuma dola hamsini au serikali, na ajibiwe na mtu anayeishi pale. Machi 2023 paneli za jua ziliunganisha biashara kumi na kitu kuzunguka uwanja wa Adjuntas, na mtambo huo uko mikononi mwa jumuiya isiyo ya faida ya wafanyabiashara wenyewe, ambao wateja wao wanawakuta kaunta kila asubuhi.