Albamu za Virunga na Kiswahili cha Koboko

Kila mpenzi wa muziki ana albamu zinazomrudisha mahali fulani. Kwangu mimi ni za Orchestra Virunga, bendi aliyoiunda Samba Mapangala jijini Nairobi mwaka 1981. Mapangala, mzaliwa wa Matadi nchini Kongo, alipitia Kampala kabla ya kufika Nairobi mwaka 1977, na huimba kwa Kilingala na Kiswahili.

Kaseti zake tulizisikiliza Koboko na Arua miaka ya tisini, nyingine zikitoka soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, ya amri na vitisho. Hata sisi, ambao wazazi wetu walikitumia ukimbizini Zaire baada ya 1979, shuleni tuliona haya kukizungumza. Mapangala alitusikizisha Kiswahili cha mapenzi, utani na tafakuri.

Tuchukue wimbo wake “Dunia Tuna Pita”. Mwalimu wa sarufi atasahihisha anwani hiyo: “tunapita” ni neno moja, na “dunia” ingepaswa kuwa “duniani”. Ni kweli, na wanafunzi waelezwe. Hata hivyo, “dunia” ikitangulia peke yake, kauli inapata uzito wa methali: dunia ipo, sisi ndio wapitaji. Sahihisho linaupunguza uzito huo.

Dosari ninayoiona ni kwamba gitaa na saksafoni mara nyingine humeza maneno.

Walimu wenzangu, tusikiite kibovu Kiswahili cha mwanafunzi wa West Nile kabla ya kusikiliza kilikotoka.