Herufi Iliyovunjwa na Msomaji Wake: Alfabeti Binafsi katika Sanaa ya Ibrahim el-Salahi

Uhakiki wa sanaa za Afrika umezoea kuisifu alfabeti binafsi kama tendo la uhuru. Msanii, tunaambiwa, huivunja herufi aliyorithi, huumba alama zake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo hujinasua kutoka katika amri ya maana. Kauli hii imerudiwa mno kumhusu mchoraji wa Sudan, Ibrahim el-Salahi. Makala haya yanaipinga. Yanadai kwamba herufi iliyovunjwa humhitaji msomaji zaidi kuliko herufi nzima, na kwamba msomaji huyo anapokosekana, kinachobaki ukutani ni pambo.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na mtoto alijifunza kuandika kwa njia ambayo yeyote aliyepitia chuoni katika pwani ya Afrika Mashariki ataitambua bila maelezo: ubao, kalamu, wino, aya huandikwa, huhifadhiwa moyoni, kisha hufutwa kwa maji ili ubao upokee aya nyingine. Malezi hayo humfundisha mtoto mambo mawili yasiyopatana. Herufi ni kitu kitukufu kisichochezewa. Na herufi ni wino tu, ambao maji huuondoa. Mvutano huo ndio mtaji wa kazi yake yote.

Aliporejea Khartoum mwaka 1957, baada ya masomo katika chuo cha Slade mjini London, alionyesha picha alizozichora kwa mafunzo ya huko. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu hawakuvutiwa nazo. Ndipo alipoanza kutazama vitu ambavyo Wasudani walivipamba na kuvitunza majumbani: mikeka, vikapu, nakshi za mbao, maandishi ya dini. Akaingiza maandishi madogo pembeni mwa picha. Maandishi yakasambaa hadi yakaijaza picha. Hatimaye akazivunja herufi zenyewe, na katika vipande vyake yakajitokeza maumbo ya wanyama, ya mimea na nyuso za watu.

Wahakiki wengi hulipita neno “kuvunja” haraka, ilhali ndilo lenye uzito. Katika khati ya Kiarabu, kwa kanuni zinazonasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, kila herufi hupimwa kwa nukta inayoachwa na ncha ya kalamu: urefu wa alifu, upana wa bakuli la nuni, ukubwa wa jicho la wau. Nafasi tupu kati ya herufi nayo hupimwa. Mtu asiyevijua vipimo hivi hawezi kuvivunja. Anaweza kuchora mistari tu. Katika “Reborn Sounds of Childhood Dreams I”, iliyochorwa kati ya 1961 na 1965, nyuso ndefu, pembe na hilali zinasimama kwa uzani uleule wa mstari wa khati ijapokuwa hakuna neno linalosomeka. “The Last Sound” ya mwaka 1964 inafungamana na kifo cha baba yake na dua zinazosomwa roho inapoagana na mwili. Atakayeiona kama mchezo wa maumbo hajakosea kuhusu maumbo. Amekosa kilio.

Mfano wa Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d’Ivoire, ambaye mara nyingi huwekwa fungu moja na el-Salahi, unaonyesha tofauti waziwazi. Katika miaka ya 1950 Bouabré aliunda alama zaidi ya 400 za silabi ili lugha yake ya Kibété iandikwe na Wabété wenyewe, na mwaka 1958 Théodore Monod aliuandikia mfumo huo. Baadaye Bouabré alizichora alama hizo, pamoja na picha nyingine nyingi, kwenye vipande vidogo vya kadibodi kwa kalamu ya wino na penseli za rangi; na kwa kadi hizo ulimwengu wa makumbusho ukamtambua kama msanii. Kuna kejeli hapa isiyopaswa kupuuzwa. Bouabré alitafuta wasomaji akapata watazamaji. Alfabeti yake ilibuniwa na mtu mmoja lakini haikukusudiwa kuwa ya mtu mmoja, na kuiita “binafsi” ni kuthibitisha kushindwa ambako yeye hakukuchagua. El-Salahi alianza upande wa pili: hati ya watu wote, akaifanya yake.

Kwa nchi zinazotumia Kiswahili, suala hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wake walilazimika kubuni. Herufi “ba” ilibeba sauti za b na p, hata mb. Alama za irabu tatu zilitumikia irabu tano. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mchonga nakshi aliyenakili “Utenzi wa Fumo Liyongo” mwaka 1913, alikuwa bingwa wa mwandiko huo, na miswada ya mkono wake imehifadhiwa London. Leo wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili humsoma Liyongo kwa herufi za Kirumi pekee. Hawalaumiwi; hawakufundishwa nyingine. Lakini mtaala uliokiondoa kizazi kizima katika hati hiyo umekiondoa pia miongoni mwa wasomaji wa el-Salahi, kisha sera za utamaduni zinashangaa kwamba sanaa ya bara inaeleweka vizuri zaidi katika kumbi za Ulaya.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka, na el-Salahi mwenyewe ndiye aliyeuchora. Mwaka 1975 alifungwa miezi sita katika gereza la Kober bila kufikishwa mahakamani. Karatasi zilikatazwa, alichora kwenye vipande vidogo na kuvifukia mchangani. Kutokana na hali hiyo ilizaliwa mbinu ya kuikuza picha kipande kwa kipande kutoka kwenye kiini, mbinu iliyozaa “The Inevitable” ya 1984–85, kazi ya wino mweusi yenye vipande tisa. Humo alifu haitafutwi tena. Mstari uliokuwa herufi umekuwa mkono, na mkono umekuwa ngumi iliyoinuliwa. Msomaji asiyejua nukta wala wau anausoma mara moja, na swali ambalo uhakiki bado haujalijibu ni kama picha hiyo imepata wasomaji wengi kwa kuiacha khati, au kama mkono usiofunzwa ubaoni ungeweza kuuchora mstari ule.